Makosa Arobaini na Saba

Mwalimu Mkuu alistaafu akiwa na miaka sitini, lakini cheo hakikustaafu naye. Alipofikisha sabini na mmoja, akiwa mgane asiye na shule ya kuongoza wala mwanafunzi wa kukemea, watu waliendelea kumwita hivyo hivyo, naye aliitika hivyo hivyo, huku akinyoosha mgongo kidogo kila alipoitwa.

Alikuwa akiishi kwenye makazi ya wastaafu, jengo la ghorofa tatu lililopakana na chuo kikuu ukuta kwa ukuta. Katika ukuta huo palikuwa na mlango mdogo wa chuma. Mkazi mwenye kadi ya manjano aliruhusiwa kuupita, akaketi darasani pamoja na vijana, akaandika kazi walizoandika wao, na mwisho wa muhula akapewa cheti. Bintiye ndiye aliyemtafutia mahali hapo.

"Baba, kule utapata watu wa kuzungumza nao," alimwambia. "Hapa nyumbani unazungumza na redio."

"Redio ina adabu. Hainikatizi."

"Nenda mwezi mmoja tu. Ukichoka, nitakuja kukuchukua."

Akaenda, na hakuchoka. Alichagua somo la historia ya kazi, lililofundishwa Jumanne na Alhamisi na mhadhiri mwanamke ambaye umri wake haukufika nusu ya wa kwake. Wote walimwita Dokta. Wakazi waliokuwa wakisoma somo hilo walikuwa wawili tu: yeye, na mama mmoja wa ghorofa ya chini aliyejulikana kwa jina la Bi Pindo.

Bi Pindo alishona sare za shule kiwandani kwa miaka thelathini na mmoja. Jina alilipata kwa sababu hakuweza kuona pindo la nguo lililofumuka akanyamaza; angekusimamisha hata kwenye foleni ya chakula, akatoa sindano kwenye ukosi wa blauzi yake na kukushonea hapo hapo ukiwa umeshika sahani. Shule aliiachia darasa la saba. Alipopewa kadi ya manjano aliiweka kwenye mfuko wa plastiki isije ikalowa.

Siku za darasa, saa tatu na nusu asubuhi, walitoka pamoja, Mwalimu Mkuu amebeba mkoba wa Bi Pindo, Bi Pindo akimuuliza maana ya maneno aliyokutana nayo kitabuni. "Hili 'ukiritimba' ni mdudu gani?" Naye angemweleza taratibu hadi wafike mlangoni. Kusema kweli, mwendo ule ndio alioupenda kuliko darasa lenyewe. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu kwa miaka mingi.

Ila palikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Kusoma kulikuwa kumeanza kumshinda tangu mwaka uliotangulia. Macho yalikuwa mazima. Tatizo lilikuwa nyuma ya macho. Alianza ukurasa vizuri, lakini alipofika mstari wa mwisho, mistari ya kwanza ilikuwa imeshafutika kichwani kama ubao uliopigwa dasta. Akirudi juu, ya chini inatoroka. Alinunua kalamu ya kupigia mistari ya rangi, akapiga mistari mpaka kitabu kizima kikawa cha manjano, na bado hakujua kilichomo. Darasani alijikaza kisabuni. Aliitikia kwa kichwa, na Dokta akiuliza swali, aliinama kama mtu anayetafuta miwani.

Kisha ikaja insha. Dokta aliwapa sura moja kuhusu viwanda vya kwanza na jinsi saa na kengele zilivyoingizwa humo. Swali lilikuwa moja: je, saa ilimsaidia mfanyakazi au ilimnyang'anya kitu? Kurasa nne, mwisho Ijumaa.

Jumatano baada ya chakula cha mchana, Bi Pindo alibisha hodi kwake. Mkononi alikuwa na karatasi nne zilizoandikwa kwa mkono, herufi kubwa zilizolala upande mmoja.

"Mwalimu, nisahihishie tahajia tu," alisema. "Mawazo ni yangu, lakini herufi zinanikimbia. Nisije nikachekwa na watoto wale."

"Acha hapa. Saa kumi njoo uchukue."

Aliketi mezani akatoa kalamu nyekundu. Mkono uliikumbuka kazi yake wenyewe. Hapa "r" imekaa pahali pa "l", hapa neno limekatwa vibaya, hapa hakuna nukta. Alizungushia, akapiga mstari, akazungushia tena. Alipomaliza, akafanya alivyozoea kufanya miaka yote: chini ya ukurasa wa mwisho akaandika jumla. Makosa 47.

Hapo ndipo aliposoma kwa ajili ya kusoma.

Bi Pindo aliandika kwamba kiwandani kwao, mwanzoni, hapakuwa na saa ukutani. Nyapara ndiye aliyekuwa nayo, mfukoni. Kazi iliisha pale nyapara aliposema imeisha, na siku za oda kubwa saa ya nyapara ilitembea kama kobe. Kisha kampuni ikatundika saa kubwa ukutani ili kuwabana wanaochelewa. Wachelewaji walibanwa kweli. Lakini jioni moja mwanamke mmoja aliinua kichwa, akaitazama saa, akafunika cherehani yake akasimama, na nyapara hakuwa na la kusema, kwa sababu saa ilikuwa pale na kila mtu aliiona. "Waliileta iwe mlinzi wetu," aliandika Bi Pindo, "ikawa shahidi. Na shahidi hana upande."

Mwalimu Mkuu aliweka karatasi chini. Miaka yake yote shuleni, kengele ilikuwa mkononi mwake. Hakuwahi hata siku moja kufikiri inasikikaje kwa anayeitwa nayo. Na ajabu ni kwamba maneno haya hayakufutika. Alifika mwisho, na mwanzo ulikuwa bado upo.

Upande wa pili wa meza palikuwa na karatasi zake mwenyewe, nyeupe pe, zina jina lake na tarehe tu.

Alijiambia anaandika tu ili asisahau. Alijiambia hivyo kwenye ukurasa wa kwanza. Kwenye wa pili hakujiambia kitu. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akabadilisha "nyapara alituibia" kuwa "msimamizi aliweza kurefusha muda wa kazi", akaondoa cherehani akaweka mashine. Shahidi asiye na upande alimwacha kama alivyo. Alijaribu kumbadilisha akashindwa.

Saa kumi Bi Pindo alikuja, akapokea karatasi zake. Alipoona wekundu ule, alizipekua hadi ya mwisho. "Kumbe ni mengi hivi," alisema. Akashukuru akaondoka. Mwalimu Mkuu aliikabidhi insha yake Alhamisi. Bi Pindo, aliyelazimika kunakili upya kurasa zote nne, aliikabidhi yake Ijumaa.

Jumanne iliyofuata Dokta aliingia darasani akitabasamu.

"Kabla sijaanza, nataka niwasomee kitu," alisema. "Kurasa nyingi nilizosahihisha zimerudia kitabu. Hii imekibishia kitabu." Akasoma. Akasoma habari za saa ya mfukoni, za saa ya ukutani, za mwanamke aliyesimama. Alipofika kwenye shahidi asiye na upande, akairudia sentensi ile ili iwaingie. "Hii ni kazi ya Mwalimu Mkuu. Mpigieni makofi."

Vijana sitini wakapiga makofi. Mwalimu Mkuu alikuwa ameketi viti viwili tu kutoka kwa Bi Pindo. Alimwona akigeuza kichwa polepole, akimtazama. Hakukuwa na hasira katika mtazamo ule. Ni kama mtu aliyefika nyumbani kwake akakuta mlango una kufuli jingine. Kisha akageukia daftari lake na hakuinua kichwa tena.

Darasa lilipoisha Dokta alisema, "Mama, naomba tuonane ofisini." Mwalimu Mkuu alisikia vizuri kabisa. Alikuwa na nafasi ya kusimama pale pale. Badala yake alikusanya vitabu vyake na kurudi peke yake, na kwa mara ya kwanza mkono wake mmoja ulikuwa mtupu.

Alhamisi Bi Pindo hakutoka. Msimamizi wa makazi, mama mchangamfu asiyeweza kuficha neno hata dakika tano, alimpa habari wakati wa chakula.

"Amerudisha kadi yake. Wanasema alinakili insha yako neno kwa neno. Dokta alipomuuliza, alijibu tu, 'Kama ndivyo unavyoona, basi ndivyo,' akaiweka kadi mezani. Na wewe ulivyokuwa ukimsaidia! Pole, Mwalimu."

"Si neno kubwa," alisema Mwalimu Mkuu.

Maneno hayo matatu yalimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Alikuwa amemsamehe mwenzake kosa alilolitenda yeye mwenyewe! Wakazi wa meza ile walitikisa vichwa kwa kumheshimu. Mmoja, dereva mstaafu, alisema kweli mtu akisoma huwa na moyo mkubwa. Mwalimu Mkuu alisukuma sahani pembeni.

Siku zikapita. Alijipangia kusema Ijumaa. Ijumaa akasema Jumatatu. Kila siku aliyoiacha ilifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi, maana sasa angelazimika kueleza si wizi tu bali na kimya. Bintiye alipiga simu, sauti imejaa furaha.

"Baba! Nasikia insha yako imesomwa darasa zima. Nimewaambia kazini kwangu wote."

"Nani kakuambia?"

"Msimamizi wenu. Mbona sauti yako hivyo? Unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Nimechoka kidogo."

Alipokata simu alibaki ameishika. Zamani, mwanafunzi aliyekamatwa akiibia kwenye mtihani alisimamishwa mbele ya shule nzima asubuhi, na yeye Mwalimu Mkuu ndiye aliyetaja jina. Alisema ni kwa faida yao. Sasa alijaribu kukumbuka sura zao na hakuweza kuipata hata moja. Hata kutubu kwake kulikuwa na matobo.

Siku ya tisa alipiga moyo konde, akashuka ngazi, akabisha mlango wa Bi Pindo.

Alikuwa akishona. Hakumkaribisha kuketi, lakini pia hakufunga mlango.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema Mwalimu Mkuu. "Niliiba kazi yako."

"Najua. Nilikuwepo ikisomwa."

"Kwa nini hukusema? Karatasi yako ya kwanza ina kalamu yangu nyekundu. Ungemwonyesha Dokta, yangekwisha palepale. Au uliitupa?"

Bi Pindo alivuta droo, akatoa karatasi zile nne, akaziweka juu ya cherehani. Wekundu ulionekana tangu mlangoni.

"Nilikwenda nazo ofisini," alisema. "Zilikuwa kwenye mkoba. Nikaingiza mkono kuzitoa. Halafu nikakumbuka kile ulichoandika chini. Makosa arobaini na saba, Mwalimu. Umepigia na mstari mara mbili. Nikaona, nikimpa huyu binti karatasi hii, atasema, eh, ndiyo, mama huyu hajui hata kuandika, ataweza kufikiri hivi? Ushahidi wangu ulikuwa unanishtaki. Nikautoa mkono mtupu."

Mwalimu Mkuu alizitazama karatasi zile. Alikuja akidhani anajua uzito wa alichofanya. Kumbe alikuwa amebeba nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa pale juu ya cherehani, kwa mwandiko wake mzuri.

"Mimi nilikuomba tahajia," aliendelea Bi Pindo. "Sikukuomba hesabu."

"Nipe karatasi hizo. Nitazipeleka mwenyewe kwa Dokta sasa hivi."

"Hapana. Hizi ni zangu. Nenda mikono mitupu, kama nilivyotoka mimi."

Akaenda. Dokta alikuwa ofisini, chumba chembamba chenye vitabu hadi dirishani. Aliinuka akampa kiti.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu sana."

"Marahaba. Dokta, ile insha si yangu. Ni ya Bi Pindo. Aliniletea nimsahihishie, mimi nikainakili."

Dokta alitabasamu kwa upole, na tabasamu lile lilimchoma kuliko tusi.

"Mwalimu, nakuelewa. Mnaishi jengo moja, unamhurumia. Una moyo mzuri. Lakini huna haja ya kujibebesha."

"Sijibebeshi. Nakuambia kweli."

"Kazi yako ilifika kwanza. Imeandikwa vizuri. Na wewe umefundisha miaka arobaini."

Ndipo Mwalimu Mkuu alipoona alipofikia: anasema kweli na jina lake linamkanusha. Heshima yote aliyoijenga ilikuwa imekaa mlangoni kama askari, haimruhusu kutoka. Palikuwa na njia moja tu ya kuaminiwa, na ndiyo aliyoikimbia mwaka mzima.

"Niulize sura ile inasema nini," alisema.

"Sura ipi?"

"Ya viwanda. Ulitupa tuisome. Niulize lolote."

Dokta alisita. "Haya. Mwandishi anasema wafanyakazi waliipinga kengele kwa njia gani?"

Mwalimu Mkuu aliangalia mikono yake.

"Anataja miji miwili. Mmojawapo?"

Kimya.

"Sijui," alisema hatimaye. "Nimeisoma mara tano. Nikifika chini ya ukurasa, juu pameshafutika. Sikumbuki sura hiyo, Dokta, wala iliyotangulia. Darasani naitikia tu. Ya Bi Pindo ndiyo pekee iliyobaki kichwani, nikaichukua kwa sababu sikuwa na nyingine. Niliogopa mtu kujua kuliko nilivyoogopa kuiba. Sasa unajua."

Dokta hakutabasamu tena. Alifungua kabati, akatoa insha mbili, akazisoma sambamba, ukurasa kwa ukurasa. Alisimama kwa muda mrefu kwenye neno "cherehani".

"Nilimwita mwizi," alisema kwa sauti ndogo. "Sikumuuliza hata swali moja juu ya insha yenyewe. Nilitazama mwandiko."

"Mimi ndiye niliyekupa cha kutazama."

"Wewe una lako, Mwalimu. Hili ni langu." Akakaa. "Huwezi kuendelea na somo hili muhula huu. Na nilimsifu mtu asiye mwenyewe mbele ya watu sitini. Nitalazimika kusahihisha mbele yao."

"Nitasahihisha mimi."

Jumanne alisimama mbele ya ukumbi. Alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi maelfu maishani mwake, lakini safari hii jina la kutajwa lilikuwa lake. Alisema, "Insha mliyoipigia makofi iliandikwa na Bi Pindo. Mimi niliiiba, kisha nikanyamaza siku tisa watu wakimsema yeye." Hakuongeza udhuru. Kijana mmoja wa nyuma alicheka, mwenzake akamtuliza kwa kiwiko. Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyemzomea. Walimtazama tu, na yeye akatoka akiwa anahesabu hatua hadi mlangoni.

Alasiri ile Dokta alipita mlango mdogo wa chuma kwa miguu yake, akaja hadi ghorofa ya chini na kadi ya manjano mkononi. Alikaa kwa Bi Pindo saa nzima. Walichozungumza hakuna aliyekijua, hata msimamizi wa makazi, ingawa alipita koridoni mara nne. Alhamisi Bi Pindo alirudi darasani. Alikwenda peke yake, mkoba wake begani, akaketi safu ya mbele kabisa.

Kwenye meza ya chakula, viti vya karibu na Mwalimu Mkuu vilibaki wazi kwa wiki mbili. Dereva mstaafu alimpita akitazama dari. Bintiye alikuja Jumamosi, naye akamweleza yote, la insha na la kusahau. Binti alilia, kidogo kwa aibu, zaidi kwa lile la pili.

"Na umekaa nalo mwaka mzima, Baba? Peke yako?"

"Wewe ulinileta hapa nisome. Ningekuambiaje kwamba sisomi?"

Wakaenda hospitali. Daktari alimpima kwa kumpa saa ya kuchora na wanyama wa kutaja, akaandika mengi, akasema ni mwanzo wa ugonjwa wa kusahau. Unaweza kucheleweshwa, hauwezi kurudishwa. Akasema pia asiache kujifunza.

Karibu na mwisho wa muhula alikutana na Bi Pindo kwenye ngazi. Yeye anapanda, mama anashuka akitoka kumshonea jirani wa juu.

"Mwalimu," alisema Bi Pindo, na akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ile ya mlangoni. "Ile ya darasani nimekusamehe. Ulisimama, nikakuona. Ila yale arobaini na saba bado. Kila nikishika kalamu nayasikia. Nisikudanganye."

"Usiharakishe."

"Siharakishi." Akatazama chini, kwenye suruali ya Mwalimu Mkuu. Pindo la mguu wa kushoto lilikuwa limefumuka, linaburuta. Mkono wa Bi Pindo ulipanda hadi ukosini, ukagusa sindano. Kisha ukashuka. "Umefumuka hapo," alisema, akaendelea na safari yake.

Mwalimu Mkuu alipanda hadi chumbani, akaitafuta sindano, akajishonea mwenyewe. Ilimchukua mchana mzima, na ilikuwa kazi mbaya.

Muhula mpya ulipofunguliwa alijiandikisha tena, si historia, bali somo la mimea, ambalo hufundishiwa bustanini huku watu wakitembea. Siku ya kwanza, kabla ya wengine kufika, alimwendea mwalimu wa somo hilo, mtu wa makamo mwenye udongo kwenye kucha.

"Mimi nasahau," alimwambia. "Na muhula uliopita niliiba kazi ya mwenzangu ili nisijulikane. Nikikuletea kitu kizuri kuliko kawaida, niulize nimekipata wapi."

Yule mwalimu alijifuta mikono kwenye suruali. "Sawa," alisema. "Na ukisahau?"

"Nitauliza tena."

Darasa likaanza. Walisimama mbele ya mti mfupi wenye majani mapana, na Mwalimu Mkuu akauliza kwa nini upande wa chini wa jani una rangi hafifu. Yule mwalimu akamweleza. Wakatembea, wakapita vitalu viwili, wakafika kwenye mti mwingine wa aina ile ile. Mwalimu Mkuu aligeuza jani, akaona upande wa chini umepauka, akauliza kwa nini. Vijana wawili walitazamana. Yule mwalimu akalishika jani lile na kumweleza tena tangu mwanzo.